Chipu ya Mwikali

Abiria walimwagika kutoka feri kama mchele gunia likitoboka. Ni mwaka ule mvua za El Niño zilipokula barabara za Mombasa, na wakubwa wakala ahadi zao. Katikati ya umati, gari jekundu la turbo lilianza kupanda mwinuko, likakohoa, likaishiwa pumzi.

"Mpeni baiskeli huyo mwanamke!" akafoka dereva wa lori. Mji huu haujawahi kukosa mdomo wa namna hiyo.

Kingi, fundi wa magari wa Tudor, alilisukuma hadi kando. Dereva akashuka: blauzi ya zambarau, hereni za fedha, harufu ya asumini. Kingi akasahau alikokuwa akienda.

"Ahsante, kaka. Naitwa Mwikali, nafanya kazi Shimanzi. Tangu itiwe chipu ya kuongeza mwendo, gari hii mlimani yakata roho."

Gerejini, Kingi alifungua kompyuta ya injini. "Nani alikutilia?"

"Arnold, wa Nairobi." Akalitaja jina kwa tabasamu.

Tabasamu lile likamchoma Kingi. Akaichomoa chipu, akarudisha ya kiwandani. Gari likapanda bila kukohoa. "Waona? Ugonjwa ulikuwa chipu."

Siku zikapita kama usingizi wa mchana. Walizurura Mji wa Kale wakila mabuyu mpaka midomo yao ikawa nyekundu sawasawa. Simu ya kazini kwa Mwikali, Shimanzi, haikupoa.

"Umekula, nuru yangu?"

"Nimekula. Wewe umenawa grisi?"

"Nimebakisha kidogo, unikumbuke."

Lakini bila chipu gari lilijikokota, na siku moja sauti ya Mwikali ilikuja kavu. "Nirudishie chipu yangu."

"Itaua injini, mpenzi."

"Ulipima, au ulisikia jina la mwanamume?"

Kingi akahamishia simu sikio la pili.

"Arnold ni fundi tu, Kingi, ana wajukuu! Chipu niliichagua mwenyewe, napenda mwendo. Mwanamke akiwa na kitu kizuri, kwenu wanaume lazima nyuma yake pana bwana." Akakata simu.

Kingi akawa anatembea gerejini kama mtu aliye chini ya maji. Hakuwa amepima. Chipu huisukuma turbo ipulize kwa nguvu. Penye ufa, pumzi hutorokea hapo. Kuichomoa kulituliza ufa tu, hakukuuziba. Akapiga simu.

"Lete gari. Sikupima injini. Nilimpima Arnold."

Mwikali akacheka bila kutaka.

Alikuja amekunja mikono. Kingi akarudisha chipu, akajaza upepo kwenye mapaipu ya turbo, akayapaka maji ya sabuni. Chini ya klipu moja, mapovu yakafura taratibu, yakimeta rangi zote. Wakayatazama, mashavu yakikaribiana.

"Kumbe paipu," Mwikali akanong'ona.

"Paipu. Chipu haina kosa. Wala wewe. Mimi ndiye."

Walipotia paipu mpya, gari likaruka juu ya Daraja la Nyali, upepo ukiwachezea nywele, bahari ikipita chini kama kitambaa. Ng'ambo, Mwikali akaegesha.

"Nataka kuja kwenu," Kingi akasema. "Nionane na wazazi."

"Utanichukua na mwendo wangu?"

"Na mwendo wako."

"Basi Jumamosi, Machakos. Naendesha mimi. Nawe uache kukanyaga breki isiyokuwepo."

Kingi akautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa bado umeligandamiza zulia kwa nguvu zote. Akauondoa polepole.