Koti la Orville

Verlin, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa mtu wa kuchagua nguo. Asubuhi ile ya Novemba alizitandaza barazani, nguo zake za mabaka za kuwindia, akawa anazipima moja juu ya nyingine. Mwilini fulana ya sufu, maana pamba ikilowa jasho kwenye baridi ya milima yetu ya West Virginia, inaua. Juu yake sweta nzito ya kutunza joto. Juu kabisa koti, la kuzuia upepo na kumdanganya kulungu.

"We Verlin, unakwenda kuwinda au unaolewa?" mkewe Odessa akamcheka kutoka jikoni. "Bibi harusi mwenyewe hajipimi hivyo!"

"Cheka tu. Nyama ikija utakula kimya."

Tabu ilikuwa koti. Lake lilikuwa limechanika begani. Msumarini lilining'inia la kaka yake Orville, mabaka yake gome la mwaloni hasa. Mwaka uliopita Orville alitoka na upinde wake jua likiwaka, akaliacha, eti litamchosha. Alasiri theluji ikashuka. Wanaume walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Hata kiatu hawakukiona.

Odessa akaacha kucheka. "Hilo la shemeji liache. Mwenyewe hatujamzika."

"Sasa nikagande, mke wangu? Si bora lipate kazi?"

Akalivaa, akaenda.

Aliketi chini ya mwaloni, upinde mapajani. Kulungu jike akamsogelea, karibu kabisa, akanusa mkono wa koti. Akatetemeka mwili mzima. Akatimua mbio.

Ndege nao wakanyamaza.

"Verlin." Mnong'ono, nyuma ya mti. Sauti aliijua. "Nasikia baridi, mdogo wangu. Nipe koti langu."

Hakugeuka. Alilivua, akalipitisha nyuma ya bega. Likapokewa taratibu. Vidole vilivyomgusa vilikuwa vigumu kama vijiti.

"Bado baridi."

Akatoa sweta.

"Bado."

Akavua fulana. Upepo ukamkata kifua. Meno yakagongana.

"Kaka, zimekwisha. Nimebaki mtupu. Niache nirudi kwa Odessa."

Kidole kimoja kikamgusa kisogoni, kikateremka na uti wa mgongo, polepole, kama mtu anayetafuta zipu.

"Hujabaki mtupu. Imebaki moja."

Verlin alikimbia. Aliingia jikoni kifua wazi, midomo imepauka, akamwangukia mkewe miguuni.

Aliishi. Kuwinda aliacha. Lakini mgongoni, toka kisogoni hadi kiunoni, ana mstari mwembamba, umenyooka kama uzi, na daktari aliutazama akatikisa kichwa tu. Odessa ndiye anayeupaka mafuta. Siku moja alifunga mlango wangu kwanza, ndipo akaniambia.

"Kila Novemba ule mstari unaachia kidogo, bibi. Damu haitoki."

"Kinatoka nini?"

"Upepo," akasema. "Upepo wa baridi."