Dereva wa Mkate Asiyejua Njia

Saa nne asubuhi, sokoni watu wakikanyagana, gari la mkate lilisimama kwa mara ya tatu mbele ya dada mmoja aliyefunga kilemba cha njano, amekumbatia boksi la nyaya.

"Samahani dada, hospitali kuu iko wapi?"

"Kaka, hapo ulipoegesha ndio ukuta wake."

Dereva akageuka, akauona ukuta, akacheka mpaka magego yakaonekana. Alikuwa mrefu, kipara kinang'aa, shati la zambarau limenyooka kwa pasi na kujaa unga mabegani. Yule dada, fundi wa redio ambaye wote walimwita Fundi Waya, alijitahidi kununa, akashindwa.

"Wewe ni dereva kweli?"

"Kuendesha najua. Kufika ndiyo shida."

Wiki hiyohiyo Fundi Waya akamfungia kifaa alichokiunda mwenyewe ndani ya kikasha cha sabuni: kinanasa ishara za setilaiti, kinakuonyesha ulipo kwenye ramani, na kuhifadhi kila ulikopita. Kingine alimfungia nahodha wa boti ya abiria. Kifaa kilimkosesha dereva mitaa miwili mitatu, lakini kwa mtu aliyezoea kukosa mji mzima, hayo yalikuwa maendeleo. Mkate ukaanza kufika ungali moto, na mapenzi nayo yakapamba moto.

"Umefika wapi, laazizi?" Fundi Waya alipiga simu siku moja.

"Kifaa chako kinasema niko ndani ya mahakama."

"Basi toka kabla hujafungwa! Na kosa ni la kichwa chako, si la kifaa."

Ndivyo alivyoamini. Kwa hiyo siku alipokichukua kukisafisha, akafungua kumbukumbu zake, roho ilimruka. Kila jioni, wiki tatu mfululizo, gari la mkate lilisimama dakika ishirini mlangoni kwa msusi mmoja ambaye uzuri wake ulisimamisha baiskeli. Akanyakua simu.

"Jioni, kabla ya kuja kwangu, huwa unapitia wapi?"

"Mimi? Huwa... napotea tu, kipenzi."

"Unapotea mahali pamoja kila siku?"

"Nitakueleza, ila si kwa simu."

"Kamweleze msusi wako!"

"Msusi? Na kipara hiki anisuke nini?"

Akamkatia simu. Siku nne nzima hakupokea, akichomea nyaya na kuunguza vidole vyake mwenyewe.

Siku ya tano jioni akaingia karakanani nahodha, suruali imelowa mpaka magotini.

"Binti, kifaa chako kinasema boti yangu iko sokoni, kwenye meza za nyanya! Nimekifuata, nikapanda fungu la mchanga na abiria thelathini. Wameshuka kusukuma, huku wakiniombea dua na kunitukana kwa zamu."

Fundi Waya akafungua hesabu za kifaa, akazipitia mstari kwa mstari. Dakika moja ya ramani, kama ya saa, ina sekunde sitini. Yeye aliigawa kwa mia. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa mitaa kadhaa. Akarekebisha, kisha akazifungua upya safari za gari la mkate. Nukta ikaondoka kwa msusi, ikavuka soko, ikatua nyuma ya karakana yake mwenyewe.

Akatoka mbio, aproni kiunoni, akazunguka nyuma. Gari lilikuwepo. Ndani yake dereva ameinamia kioo cha pembeni, anakisemesha kwa heshima zote. Kumwona tu, akashtuka na kubonyeza honi.

"Wiki zote hizi unafanya nini hapa?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kukuomba tuoane. Hapa maneno yanatoka vizuri. Nikiingia ndani nakukuta umekunja uso juu ya waya, yote yananitoroka."

Fundi Waya alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mpenzi. Niliiamini hesabu yangu kuliko wewe, na hesabu yenyewe mbovu."

"Na mimi ningesema mapema."

"Haya, leo sijakunja uso. Sema."

Dereva akakohoa, akaweka kola sawa, akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufumba, akafumbua tena. Fundi Waya akaona hapa giza litawakuta. Akafungua mlango, akaketi kando yake katikati ya harufu ya mkate, akamshika mkono.

"Nimekubali," akasema. "Sasa uliza taratibu, tuna jioni nzima."