Ifute Yote

Ukitaka kudharauliwa pamoja na mali yako, ipeleke kuiuza Mwanga sokoni siku ya Jumamosi. Ndivyo alivyofanya Leonia mwezi wa tisa, vumbi likiwa juu na wauza dagaa wakigombania kivuli. Alisimama mbele ya duka la vitu vya umeme, laptop ya marehemu baba yake mikononi. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, maana ni fundi cherehani wa Buzebazeba, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Mwenye duka, Mzee Mwinshehe, aliifungua ile laptop, akaifunga, akaisukuma kwenye kaunta kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele.

"Laki moja na nusu."

"Mzee wangu, shikamoo nimeshakupa. Hiyo bei ni ya nini?"

"Ni ya kitu cha zamani, mwanangu."

"Cha zamani, sio kibovu."

Nyuma ya Leonia alikuwepo kijana mrefu mwenye shati la drafti na bisibisi mbili mfukoni, amekuja kununua waya. Huyo ni Nathaniel wa Bangwe, fundi kompyuta, mwenye kijiduka karibu na stesheni ambacho wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri barabarani. Alikuwa na haraka zake, lakini macho yalimponza.

"Samahani dada, naomba niishike."

Akaishika. Akazifungua na kuzifunga bawaba, hazikulegea. Akaangalia vibonye, herufi zote zipo, hakuna hata moja iliyofutika. Akanusa mahali pa kutolea joto, jambo lililomshangaza Leonia, na hakukuta vumbi.

"Nani alikuwa anaitumia hii?"

"Baba. Mwalimu Bonaventura wa Simbo. Aliifuta kila asubuhi kwa flana ya njano kabla hajanywa chai, miaka mitano. Sisi watoto wake tulinawa uso baada ya laptop."

"Unataka ngapi?"

"Laki nne na nusu. Na sipunguzi."

"Dada yangu, ina miaka sita. Betri haifiki saa mbili."

"Kwani wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Na yako inafika saa ngapi?"

Mzee Mwinshehe alicheka mpaka akakohoa. Nathaniel akaomba namba ya simu. Mwanaume akichekwa akaomba namba, jua ameshapatikana.

Jumatatu akapiga. "Laki tatu, mama."

"Laki tatu ni ya kioo tu. Na hiyo kompyuta yenyewe?"

Jumatano akapiga tena. "Tatu na kumi."

"Fundi, umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza. Njaa ndiyo inayokufanya utaje bei za ajabu."

Alipanda elfu kumi kumi, makusudi. Angepanda kwa mkupuo angekosa sababu ya kupiga. Leonia alilijua hilo na hakumsaidia hata kidogo. Wiki ya pili washonaji wenzake walishajua: simu ikiita na Leonia akasimamisha cherehani, huyo ni Tatu na Arobaini.

Jumapili ya tatu walikaa Bangwe, juu ya mawe karibu na maji, wanakula mgebuka wa kukaanga kwa ndizi. Leonia alivaa blauzi nyeupe ya kutokea misani, na mafuta ya samaki yalikuwa yameshaidondokea. Hapo ndipo Nathaniel alipomuuliza kwa nini anauza kitu anachokipenda hivyo.

"Nataka kulijengea kaburi la baba. Mvua za mwaka jana zimelititisha, upande mmoja umezama. Shangazi Eufrasia anasema mwaka hautaisha Mwalimu amelala kwenye udongo mtupu, kama mtu ambaye hakuacha watoto. Na mtoto ni mimi peke yangu niliyebaki mwenye mikono ya kazi."

Nathaniel aliweka mfupa pembeni. "Laki nne."

"Hiyo ni bei ya haki au ya huruma? Kama ni ya huruma sitaki."

"Ya haki. Umri unaipunguzia, matunzo yanaiongezea. Ukinunua kitu kilichotunzwa, unaulipa na ule mkono uliokitunza. Ningekuwa na huruma ningekupa nne na nusu, halafu ungenidharau."

Machozi yalikuwa karibu, Leonia akayazuia kwa kulamba vidole.

"Chukua. Ila uifute kila asubuhi, kwa flana kavu. Usiniaibishe."

"Na ile 'sipunguzi' yako?"

"Nimekupunguzia wewe tu. Usizoee."

Sasa kuna jambo ambalo Leonia hakulisema, nami namlaumu, ingawa ningekuwa yeye nisingelisema vilevile. Mwalimu Bonaventura alikufa kwa saratani ya koo. Wiki mbili kabla sauti haijakatika kabisa, alijifungia chumbani na ile laptop akajirekodi. Alipotoka alimwambia bintiye, "Nimeweka humo wosia wa siku ya harusi yako. Nitakuwa sipo. Usiufungue kabla, mzazi hasemi wosia wa harusi wakati mahari haijafika." Leonia alitii. Hakusikiliza hata neno moja. Flashi hakuwa nayo bado, hivyo mpango wake ulikuwa ainunue, Jumamosi aende nayo dukani kwa Nathaniel, auhamishe, basi. Lakini utamwambiaje mwanaume uliyemfahamu wiki tatu kwamba humo ndani mna maneno ya siku utakayoolewa? Si ni kama kujipeleka mwenyewe na barua ya posa? Aliona haya. Akamwambia tu, "Jumamosi nitapita kwako."

Jumatano laptop ikaenda, hela ikaja. Alhamisi hela ikageuka saruji na matofali, lori likapanda Simbo. Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Mrembo, leo naanza kuitumia rasmi. Niifute?"

Leonia alikuwa na rundo la sare za shule, mguu uko kwenye cherehani, wenzake wanapiga kelele. Kichwani aliiona flana ya njano. Akafurahi kwamba mtu ameushika wosia wake mdogo.

"Unauliza nini? Ifute."

"Yote?"

"Yote. Usiache kitu. Baba alikuwa anaingia mpaka kwenye kona."

Nathaniel alicheka. "Mpaka kwenye kona. Una uhakika?"

"Nathaniel, nina nguo za watu hapa."

"Haya, mama. Naifuta."

Ndiyo Kiswahili chetu hicho, kitamu na kibahili. Vumbi linafutwa, na kumbukumbu inafutwa, neno ni lilelile moja. Kila mmoja alikata simu anatabasamu.

Jumamosi Leonia alifika dukani amependeza, gauni la maua ya njano, flashi ameifunga kwenye ncha ya kitambaa cha mkononi. Laptop ilikuwa mezani inang'aa, maana Nathaniel alikuwa ameifuta na vumbi pia. Leonia aliifungua. Picha ya Mwalimu na marehemu mkewe, iliyokaa kwenye kioo miaka yote, haikuwepo. Ilikuwepo rangi ya bluu tupu.

"Vitu vya baba umeviweka wapi?"

"Si uliniambia nifute?"

"Vumbi, Nathaniel."

Alilisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Halafu Leonia akamweleza yote, yale ambayo siku moja kabla yangetosha maneno manne. Alipofika kwenye "wosia wa harusi yangu" alikaa kwenye kigoda. Nathaniel alinyoosha mkono akaizima ile laptop haraka.

"Kila ikiwaka inaandika juu ya vile vilivyofutwa. Nipe siku, Leonia. Kuna namna ya kutafuta. Niliuliza, mama. Mungu anajua niliuliza."

"Uliuliza." Alisimama, akajifuta uso kwa kile kitambaa, flashi ikiwa bado imefungwa. "Umemzika baba mara ya pili, na safari hii hakuna hata pa kuweka saruji."

Akaondoka. Hakuwa wa haki, na alijua. Neno lilikuwa lake, na haya ilikuwa yake. Ndiyo maana hasira ilikuwa kali: ilikosa pa kutua, ikamtua Nathaniel. Kuirudisha biashara hakuweza, hela ilikuwa imeshakauka juu ya kaburi. Nathaniel alipiga, hakupokelewa. Akaacha kupiga, akawa anatuma ujumbe mmoja kila jioni: Natafuta. Kesho yake: Natafuta bado. Leonia aliusoma kila siku, hakujibu, na siku ujumbe ulipochelewa alikosea kukata kola tatu.

Nathaniel alikonda. Alifunga duka mchana akaacha wateja nje, kutwa nzima anavuta vipande kutoka kwenye ile diski: nusu ya picha, robo ya barua, orodha ya wanafunzi wa darasa la nne. Sauti hakuna. Wenzake walimwambia anunue zawadi aombe radhi, yaishe. Alirudi kwenye diski.

Mwezi wa kumi na moja ikasomwa misa ya kumbukumbu Simbo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, lakini kaburi lilisimama safi, saruji ya kijivu, msalaba na jina. Watu walikwenda kula. Leonia alibaki peke yake, gauni jeusi, kanga begani, viatu vina tope. Aliposikia hatua aligeuka. Nathaniel alikuwa amevaa shati jeupe lililomzidi kwa jinsi alivyopungua, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa flana mpya ya njano.

"Mwidiwe," alimsalimu kwa Kiha, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Umekonda."

"Nimekuletea kilichobaki. Ni sekunde kumi na tisa. Sikuja kuomba msamaha, na laptop nakuachia, ni yako."

Aliiweka juu ya saruji, akabonyeza. Kwanza kikohozi. Leonia alishika msalaba. Halafu sauti ya Mwalimu, nyembamba, imekwaruza, lakini ni yeye: "...na wewe kijana uliyekuja kumchukua. Sikujui. Siku zangu hazikufika za kukujua. Sikudai kitu. Nakuomba jambo moja tu, nalo ni..."

Kisha mchakacho. Kisha kimya.

Leonia aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia waziwazi, bila kujificha kwa kanga.

"Jambo gani?"

"Sijui. Nimetafuta siku arobaini na moja. Pameishia hapo."

"Sehemu yangu? Aliyoniambia mimi?"

"Haipo, Leonia. Nilikwenda mpaka mwisho. Haipo."

Alilipokea hilo kama lilivyo, maana hakukuwa na namna nyingine ya kulipokea. Ng'ambo ya migomba Shangazi Eufrasia alikuwa anagawa wali, sahani zinagongana.

"Alisema isisikilizwe kabla ya siku yenyewe," Leonia alisema mwishowe. "Wewe umeisikiliza."

"Nimeisikiliza." Nathaniel aliangalia viatu vyake. "Aliposema 'wewe kijana', niliitika. Niko peke yangu dukani nikasema, naam, mzee. Nikasubiri aniambie."

Leonia alichukua ile flana, akaanza kuifuta laptop matone ya mvua yaliyodondoka kutoka kwenye majani, mpaka kwenye kona.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na mimi mwenyewe sijajisamehe. Huenda isiishe."

"Najua, mama."

"Na jambo alilokuomba hatutalijua kamwe."

"Hatutalijua."

Akaifunga laptop kwenye flana, akampa aibebe, akaliangalia kaburi la baba yake.

"Basi itabidi ufanye yote," alisema. "Na sipunguzi."