Mke wa Kapteni Hakufa

Miaka ile dhahabu ilikuwa imejaza watu Nyamongo, na siku ya gulio hapakuwa na pa kukanyaga. Mvua ndiyo iliyomsukuma Laurensia, nesi mgeni kutoka Kigoma, ndani ya banda la gemu la Okeyo. Alivaa gauni la kitenge la njano, viatu mkononi. Wachimbaji walibanana kwenye mabenchi, matope yamewakaukia magotini, wakimtazama Okeyo akicheza kwa niaba yao. Ndivyo walivyopenda: yeye apige risasi na kuwatafsiria Kiingereza, wao wamshangilie kapteni wa kwenye gemu na mkewe.

"Dada, umekuja kucheza au kujikinga?" Okeyo akauliza bila kugeuka.

"Kujikinga. Huyo kapteni mbona tunamwona mgongo tu?"

"Ndiyo gemu ilivyo, unamfuata kwa nyuma. Karibu, jaber."

"Jaber ndiyo nini?"

"Mrembo!" wachimbaji wakajibu kwa pamoja. Laurensia akaona haya, na mvua ilipokatika hakuondoka. Basi mapenzi yakaanza hivyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Sehemu ya pili ya gemu ilipoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Laurensia akampigia Okeyo simu asubuhi. "Niambie uzuri wake."

"Picha tamu kama sinema. Mvua ikinyesha unaona koti linavyoloa. Na bunduki unausikia uzito wake mkononi."

"Na ubaya?"

"Sinema nyingi, mchezo kidogo. Maadui wajinga, wanajificha vichwa viko nje. Na hadithi... njoo uone mwenyewe, mpenzi."

Akaenda. Banda lilifurika. Mwanzoni tu, mke wa kapteni akapigwa risasi. Okeyo akageuka kutazama benchi la mbele.

"Amezimia," akatafsiri. "Wanampeleka hospitali Musoma. Atapona."

Laurensia alikijua Kiingereza, na uongo aliuchukia kuliko ugonjwa. "Mwongo wewe!" akacheka. "Daktari amesema amekufa. Amekufa kabisa!"

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Mwikwabe, aliyekaa benchi la mbele, akachukua kofia yake akatoka. Okeyo akazima mashine.

"Mzee amemzika mkewe juzi, kule Machochwe," akasema. "Nenda nyumbani, Laurensia."

Tangu hapo simu zake kwa Okeyo hazikupokelewa. Alikasirika kwanza, kisha akaona aibu, kisha akamkumbuka Okeyo mpaka chakula kikamshinda. Mwishowe akamfuata Mwikwabe mahali alipokuwa akiponda mawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

Mwikwabe akaweka nyundo chini. "Kiingereza sijui, lakini macho ninayo. Niliona amekufa. Nilitaka tu kusikia mtu akisema atapona." Akafuta jasho. "Yule kijana usimwache. Mwambie awashe mashine. Nataka kuona huyo kapteni anaishije sasa."

Laurensia akapiga simu palepale. Safari hii ikapokelewa.

"Mzee Mwikwabe anataka gemu," akasema. "Na mimi nakutaka wewe."

Okeyo akamuuliza, "Nikikuoa, utanisahihisha mbele za watu?"

"Nyumbani nitakusahihisha mpaka uchoke. Mbele za watu nitashika ulimi."

"Hata nikidanganya?"

"Ukimdanganya aliyefiwa, nitakusaidia."

Okeyo akacheka. "Basi njoo. Mama yupo hapa, nataka akuone."