Glavu za Raha

Mhandisi Ambwene alikivalisha glavu kipande cha mgomba mbichi, akakisogeza taratibu kwenye msumeno wa mnyororo uliokuwa unanguruma. Kina mama wa kikosi cha wakataji miti wakafumba macho. Meno ya msumeno yakasimama ghafla, yamebakiza upana wa kidole tu kuigusa ile glavu, na mlima mzima ukawa kimya.

"Msumeno umeuona mkono," alisema Ambwene. "Hivi vitu viwili vinazungumza. Mkono ukikaribia, mnyororo unakufa."

"Na mkono wa mvivu nao unauona?" aliuliza Subilaga. Wenzake wakaangua kicheko, maana wote walijua anamsema nani, na mwenzao aliyesemwa akamrushia gome la mti.

Siku hizo mji wa Lusungo Mpya ulikuwa unajengwa kwa mbao tupu. Saruji ilikuwa imepigwa marufuku kwa sababu ya moshi wa viwanda vyake, kwa hiyo minara ya ghorofa ilisimamishwa kwa mbao zilizobanwa na gundi mpaka zikawa ngumu kama chuma. Kule tambarare miti ilikatwa na roboti-shoka. Huku miteremkoni roboti zilikuwa zikiteleza na kubingirika hadi bondeni, basi walibaki watu. Kikosi hiki kiliongozwa na Atuganile, mama aliyeshika msumeno mwaka ule ule aliomzika mumewe, na ambaye hakuwahi kuuwasha bila kwanza kuinamisha kichwa na kumwomba Mungu awalinde.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya kuchagua. Baada ya majaribio ya siku hiyo, misumeno yote ya kikosi ingeunganishwa na aina moja tu ya glavu, na atakayoichagua Atuganile ndiyo wote wangevaa msimu mzima.

Aina tatu zilikuwa zimepangwa juu ya gogo. Za kwanza zilikuwa za ngozi nene. Atuganile alizivaa, akakunja ngumi, akazivua papo hapo. Mshono ulimkata katikati ya vidole, na kidole cha kufyatulia kilikuwa kama kimefungwa bendeji. Za pili ziliitwa glavu-kinga. Kiganja chake kilikuwa chembamba, ncha za vidole zimefika pale pale kucha zinapoishia, na mgongo wa mkono wa kushoto, ule unaokaa karibu na mnyororo, ulikuwa na nyuzi ngumu za kuunasa mnyororo huo ukiruka. Zilimkaa vizuri, ila mtetemo wa msumeno uliingia mpaka kwenye mifupa.

Za tatu ndizo zilizomleta Ambwene kutoka mjini. Ziliitwa glavu-tulizi. Ndani yake kulikuwa na nyuzi-hisi, nyembamba kuliko unywele, zilizoweza kuyasikia maumivu yanapoanza kwenye vidole na kuyazima njiani kabla hayajafika kichwani.

Maumivu hayo kila mkataji aliyajua. Mtetemo unafukuza damu kwenye vidole, vinakuwa vyeupe, halafu vinachoma kama umeshika siafu. Ndiyo maana kikosi kilikuwa na desturi yake: vidole vikianza kuchoma, misumeno inazimwa, watu wanakaa wawili wawili, wanavua glavu na kuchuana mikono kwa mafuta ya parachichi mpaka rangi irudi. Atuganile alichuana na Subilaga, dada wa marehemu mumewe.

"Nipeni mimi hizo tulizi nizijaribu," alisema Subilaga. "Wifi abaki na zake za mateso, si amezoea kufunga na kusali?"

"Vaa tu," alijibu Atuganile. "Ukinogewa usinisahau."

Ambwene akawagawia tulizi na wengine kadhaa, wakaingia kazini. Haukupita muda Subilaga akaanza kuimba juu ya mngurumo. "Wifi! Mikono yangu imerudi usichanani!"

Atuganile alipoanza kuchomwa vidole, alizima msumeno wake akakaa kwenye kisiki, kopo la mafuta mapajani. Subilaga hakuja. Betri ya msumeno wake iliisha, akabadilisha, akaendelea kukata.

"Wifi, njoo tuchuane!"

"Tuchuane nini, na haiumi? Unanionea gere wewe!"

Na wale wengine waliopewa tulizi wakabaki kwenye miti yao vile vile. Mchana ukafika hakuna aliyepumzika. Ambwene alikuwa anatabasamu. Atuganile hakutabasamu. Alikuwa anaitazama mikono ya wifi yake ikibadilisha betri, na aliona vidole vinaipapasa kama vya mtu aliye gizani.

Akamfuata. "Zima. Vua."

"Jamani, huyu mama!"

"Nimesema vua."

Subilaga akavua kwa kununa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama chaki mpaka karibu na kiganja, na vya baridi. Atuganile akakibana kimoja kwa kucha.

"Unasikia?"

"Nini?" alisema Subilaga. Kisha akatazama chini, akaona kucha imezama nyamani. Sauti ikamshuka. "Wifi, sisikii kitu."

Wakakaa chini pale pale. Atuganile akaanza kuchua, huku midomo yake ikisali bila sauti. Ambwene alichutama kando yao, uso umembadilika.

"Nyuzi haziondoi mtetemo," alisema. "Zinaondoa habari zake tu. Tuliwauliza wakataji wanataka nini, wote wakasema: zisiume. Hakuna aliyetuambia kwamba mnapumzika kwa sababu inauma."

"Hata sisi tulikuwa hatujui, mwanangu."

Damu iliporudi, ilirudi na moto wake. Subilaga alipiga yowe, kikosi kizima kikazima misumeno na kuja mbio.

"Chagua hizo hizo," alisema Subilaga akilia, ameikumbatia mikono kifuani. "Tutakuwa tunaitana kupumzika. Usinirudishie haya maumivu, nakuomba."

Atuganile alilifunika kopo la mafuta. Ombi lilikuwa la haki, naye alikuwa anampenda. Lakini asubuhi ile alikuwa ameita, na hakuna aliyekuja.

"Tunachukua glavu-kinga," alisema. "Na wewe, Ambwene, hizo nyuzi zako zifundishe kuuzima msumeno vidole vikikosa damu."

"Watazichukia, mama. Watasema zinawakatiza kazi."

"Wazichukie."

Jioni waliteremka mlima. Subilaga alitembea mbele akilalamika njia nzima: wifi ana roho ngumu, kidole gumba kinawaka, hiki cha kati ndiyo usiseme, na hiki kidogo nacho sasa kimeanza. Wengine walimsihi anyamaze. Atuganile, nyuma yake, alikuwa anahesabu vidole vinavyotajwa, na kila kilipotajwa kimoja alimshukuru Mungu.