Tumbo la Mzee Mramba

Nyamvula, jirani ya Mzee Mramba pale Utange, alikuwa na habari yake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwayo. Alidai kwamba mzee, siku zake za kugema tembo la mnazi, alipanda mnazi wa watu uliofungwa kitambaa chenye dawa ya kunasa wezi. Mkono ulioigusa dawa ile ndio huu unaotetemeka leo. Nyamvula hakuwapo siku hiyo, lakini alisimulia mpaka rangi ya kitambaa.

Dama aliyasikia hayo akikuna nazi. Yeye ni mke wa Kai, mwana wa Mzee Mramba. Hospitali ilikwisha kusema kwamba mzee ana Pakinsoni, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Alipewa vidonge, na mwanzo vilimsaidia sana. Siku hizi alivimeza asubuhi, na jua likafika utosini bado hajaweza kufunga kifungo cha shati.

Kai alichoka kungoja. Alisema vidonge viachwe, Jumamosi atampeleka baba yake kwa mganga. Dama aliingiwa na hofu. Mara moja vidonge viliwahi kuwaishia, na mzee alishindwa hata kujigeuza kitandani.

Tena kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake. Choo chao kilikuwa nyuma ya jiko lake. Kwa mila ya nyumba ile, mkwe na mkaza mwana husitahiana. Mzee hakuweza kupita mbele ya mke wa mwanawe ameshika kopo la maji. Basi hungoja Dama atoke. Asipotoka, hujizuia. Na ili asibanwe, aliacha kunywa maji. Daktari alipomwuliza habari ya choo, alijibu kwamba ni chema tu, na Dama yuko kando anatazama sakafu.

Ijumaa Dama alimkuta Kanze, mhudumu wa afya ya jamii, kwenye foleni ya maji. Dama alianza na habari za mvua, akaingia kwenye mihogo.

"Mihogo yako nimeisikia, dada," Kanze akasema. "Sasa sema kilichokuleta."

"Mzee hapati choo," Dama akasema kwa sauti ya chini. "Ni zamani, hata kabla mkono haujaanza kutetemeka. Nami si wa kulisema hilo."

"Umefanya vyema kulisema."

Jioni Kanze akaja, akaketi na mzee na Kai. Dama alibaki jikoni, masikio yakiwa uani walikoketi.

"Utumbo una mishipa yake ya fahamu, baba, nayo huzungumza na ubongo," Kanze alieleza. "Ugonjwa huu huufanya utumbo uwe mzito, choo kikafunga. Kwa wengine choo hufunga miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Ndiyo maana wataalamu wanaona huenda, kwa baadhi ya watu, ugonjwa huanzia tumboni. Bado wanachunguza. Wala si kila anayefunga choo ana Pakinsoni."

"Kwa hiyo si ule mnazi wa watu?" Kai akauliza.

"Mnazi wa watu nilipanda," mzee akasema. "Kwa ruhusa. Na tembo lake Nyamvula alilinywa."

Kanze alicheka, kisha akamwuliza vidonge anavimeza vipi. Mzee alisema huvimeza pamoja na mahamri na mbaazi za nazi, ili visimchome.

"Mbaazi ni chakula chema. Lakini kwa wengine mbaazi, samaki na maziwa hugombea njia na dawa hii. Jaribu kumeza nusu saa kabla ya kula, kwa maji. Tena tumbo likiwa zito, dawa nayo huchelewa. Kunywa maji, kula mboga na matunda, tembea. Na vidonge msiviache ghafla, ni hatari. Jumatatu twende kliniki, daktari aambiwe yote."

Mzee alitazama upande wa jiko. "Maji nitakunywa," akasema. "Njia je?"

Kai akaelewa. Jumamosi hakwenda kwa mganga. Alishika panga, akafungua njia kwenye ua upande wa pili, mzee awe anazunguka nyumba bila kupita jikoni. Jumatatu daktari aliongeza dawa ya kulainisha choo, akakubali vidonge vimezwe kabla ya chakula.

Pakinsoni haikuondoka, kwa kuwa haijapatikana dawa ya kuimaliza. Ila choo kilifunguka, na vidonge vikaanza kushika mapema. Wiki zilivyokwenda, mzee alivaa shati mwenyewe, akafika kanisani kwa miguu yake. Nyamvula alinong'ona kwamba bila shaka mganga aliitwa kwa siri.

Jumapili moja Dama alimtilia mkwewe chakula, akageuka aende jikoni kula, kama ilivyo ada.

"Dama," mzee akaita.

"Abee, baba."

"Kai ameniambia ni nani aliyesema na Kanze. Mungu akuweke, mwanangu. Mimi ningekufa na haya yangu." Akaisogeza sahani katikati ya mkeka. "Keti hapa, tule pamoja."

Dama alimtazama Kai. Kai alikuwa anamtoa samaki miiba. Dama akabaki amesimama, bakuli la mchuzi mikononi, hajui ashike ada au neno la mzee.