Wageni Elfu Arobaini wa Kibwana

Asubuhi Kibwana alifungua simu, akacheka peke yake. Tovuti yake ya kuuzia stroberi ilionyesha wageni elfu arobaini. Siku nyingine hawakuzidi hamsini.

"Nchi nzima inataka stroberi zetu," alimwambia mkewe, Shakila.

"Oda zimeingia?"

"Zitaingia tu."

Akachuma shamba zima. Na shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa mkewe, kama ilivyo desturi ya Uluguru, ambako ardhi hurithiwa upande wa mama. Kufika saa sita mchana, makreti ishirini yalijaa barazani. Oda haikuingia hata moja. Tovuti ikagoma kufunguka.

"Stroberi hazingoji," Shakila alisema. "Zikioza, mama utamweleza wewe."

Kibwana akaona aibu. Akamwita jirani yao Christina, mwalimu wa kompyuta. Christina alitazama, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hawa si wateja. Wengi hata si watu. Ni kompyuta na kamera za watu wengine, zimetekwa na mhalifu. Anaziamuru zibishe hodi kwako zote kwa pamoja."

"Wameniibia?"

"Hapana. Wameziba njia. Fikiria njia yetu ya mlimani. Watu elfu wakipanda na matenga matupu, mwenye tenga la karoti atashuka vipi?"

"Atakwama."

"Ndivyo alivyokwama mteja wako wa kweli. Hili ni shambulio la kunyima huduma. Na mtu akidai umlipe ndipo aache, usilipe. Toa taarifa."

"Mwenzangu kawachumia majini," Shakila alisema.

Christina aliipigia kampuni inayohifadhi tovuti. Wakaanza kuchuja wageni wa uongo. Shakila naye akawapigia wateja wa kila wiki, mmoja mmoja.

"Kamera yenu ya getini ina neno gani la siri?" Christina aliuliza.

"Moja, mbili, tatu, nne. Ilikuja nalo kutoka dukani."

"Kwa maneno kama hayo ndivyo zinavyotekwa. Weka neno refu, lisilobahatishika. Isije nayo ikatumwa kuziba njia ya mwenzako."

Kibwana akalibadilisha palepale.

Alasiri tovuti ilifunguka. Oda ya kwanza ikaingia, ikafuata nyingine. Kabla ya magharibi, kreti la mwisho liliteremka mjini Morogoro. Kibwana akashusha pumzi, akaketi kwenye baraza tupu.

"Leo wageni wangapi?" Shakila alimchokoza.

"Sitini na wawili."

"Wachache hao."

"Wachache," Kibwana alisema, "lakini wana midomo ya kulia stroberi."